Gitaa Letu na Mbavu Zake

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilei ya Miaka 25, Gotu





Ratiba inasema katibu atasoma historia ya kwaya. Majina ya viongozi, miaka yao na safari tulizokwenda yamechapwa katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki, kila mtu atajisomea kivulini. Kamati imekubaliana kwamba dakika hizi tuzitumie kujibu swali ambalo tumeulizwa mlangoni kila Jumapili: gitaa lilikuwa na shida gani hasa, kwa nini lilitengenezwa mara tatu, na shilingi 11,400 za harambee zilikwenda wapi. Tulikuwa tukijibu kwa mkato. Leo tutajibu kwa urefu, kwa sababu mlitoa pesa hizo wakati hamkuwa nazo.

Kwaya ilianza mwaka wa 2000, na gitaa likaja mwaka uliofuata. Lilinunuliwa kwa pesa za mbuzi wanne na mchango wa walimu wawili, kutoka kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Lilifika juu ya lori la mizigo, limeviringishwa kwa blanketi kama mtoto. Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la nyuzi sita za chuma, na mwili wake ni mbao halisi, si plaiwudi. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia. Kabla ya hapo tuliimba kwa kayamba na ngoma tu, na wazee wachache walinung'unika kwamba chombo cha baa kimeletwa kanisani. Paroko wa wakati huo aliwaeleza kwa upole kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo vingine mbali na kinanda, mradi vifae kwa ibada. Mwezi mmoja baadaye wazee hao hao ndio waliokuwa wakiuliza, "Gitaa liko wapi leo?"

Mpigaji wetu wa kwanza hakupiga kwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Alichuma moja moja, kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikiimba juu. Upigaji huo ulienea Kenya nzima kwa santuri za Kongo, hasa za Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Ndiyo maana watu waliposema tununue kinanda cha umeme na tuachane na kile "kisanduku kilichopasuka", sehemu ya kwaya ilikataa. Nyimbo zetu zilitungwa juu ya vile vidole viwili. Na jua la kuchaji betri tunalo, lakini pesa za betri hatuna.

Sasa tuje kwenye ukame. Hakuna wa Gotu anayehitaji kuelezwa ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya maana. Familia zilihama na mifugo iliyobaki. Kwaya ya sauti 31 ikabaki na watu tisa, na mpigaji gitaa hakuwa mmoja wao. Gitaa likakaa sakristia, chini ya mabati, zaidi ya mwaka na nusu. Hakuna aliyelitazama. Tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria gitaa wakati ng'ombe walikuwa wakifa.

Mvua iliponyesha na watu wakaanza kurudi, tulilifungua. Nyuzi zilikuwa juu sana, hazibonyezeki. Mgongo ulikuwa umezama ndani kama sahani, na ufa ulipita katikati kutoka chini hadi karibu na shingo. Tulipolitikisa, kitu kiligonga ndani. Zilikuwa mbavu mbili zimeanguka.

Wengi wenu hamjawahi kuchungulia ndani ya gitaa, basi tueleze. Uso wa gitaa na mgongo wake ni vibao vyembamba sana, unene wa milimita tatu hivi au chini yake. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, sawa na mtu mzima kuning'inia hapo mchana na usiku. Kibao cha milimita tatu peke yake hakiwezi kuhimili hayo. Kwa hiyo kwa ndani hugundishwa vijiti vya mbao, vinavyokatiza mishipa ya kibao au kukipita mshazari. Sisi kwenye kwaya tunaviita mbavu, na jina limetufaa. Chini ya uso, magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana mbavu mbili zilizopishana kama alama ya kuzidisha, mpango uliokuzwa Marekani miaka ya 1840 na C. F. Martin. Kule Hispania, Antonio de Torres alizipanga kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Torres huyo alikuwa mbishi: mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na pande za karatasi ngumu, ili watu waone kwamba sauti hutoka zaidi usoni. Tulipolisoma hili tulipata moyo, maana letu lilikuwa limeumia mgongoni, si usoni.

Na hili ndilo hatukulijua, na kutolijua kwetu kumewagharimu: gitaa tunaloliita bapa si bapa. Uso wake umeinuka kidogo katikati, na mgongo umeinuka zaidi. Ukiweka rula juu ya mgongo wa gitaa zima, utaona mwanga kila upande wa rula. Mbavu ndizo zinazoshikilia mwinuko huo, kwa sababu upande unaogundishwa haujanyooka, umechongwa tao.

Kwa nini tao? Mbao hunywea na kuvimba kwa upana wake, kukatiza mishipa, lakini kwa urefu karibu haibadiliki. Kibao cha mgongo chenye upana wa sentimita 38 kikitoka kwenye hewa ya mvua kuingia kwenye kiangazi chetu kinaweza kupungua milimita mbili au tatu. Ubavu ulioshikana nacho umelala kwa urefu wake, kwa hiyo haupungui. Mmoja anavuta, mwingine anakataa. Kibao kilicho bapa hakina pa kwenda, kinapasuka. Kibao chenye mwinuko kina akiba: kinashuka kidogo, mwinuko unapungua, na mambo yanaendelea. Pia tao ni imara kuliko ubapa. Mama zetu waliojenga nyumba za fito zilizopindwa wanajua hilo kuliko sisi wenye diploma.

Mara ya kwanza hatukujaribu wenyewe. Tulilipeleka kwa fundi katika mji mmoja, na hatutataja mji wala fundi, kwani alikuwa mtu wa heshima ambaye hakuwa amefanya kazi ya namna hiyo. Alitia mbavu mbili mpya zilizonyooka kama rula, akazishika kwa gundi ya viatu. Gundi ya viatu hubaki laini ndani, na joto likipanda inateleza polepole. Chini ya mabati ya Gotu mchana, unajua itakavyokuwa. Wiki ya sita mbavu zikaanguka tena, safari hii Misa ikiendelea, wakati wa komunyo. Wanaokaa mbele walisikia mlio. Wengine walidhani ni mjusi kaanguka darini.

Ndipo tukaitisha harambee ya Septemba 2023. Kijana wetu wa besi aliyesomea useremala chuo cha ufundi alisema anaweza kutengeneza mgongo mpya kabisa. Tulipakua video tulipokwenda Isiolo mjini, na fundi mmoja wa magitaa wa Nairobi akatupa saa nzima ya simu bila kutudai chochote. Alitueleza mengi. Tulisikia mengi. Jambo moja alilolisema mara mbili hatukulitilia maanani: "Msigundishe mbavu wakati wa mvua."

Mnakumbuka mvua za mwisho wa 2023, zile za El Niño, mto Ewaso Nyiro ukivuka kingo na barabara kukatika. Mbao zilinunuliwa Meru, saiprasi nzuri, zikasafirishwa katika hali hiyo ya unyevu. Nguo hazikukauka wiki nzima. Kijana wetu alisema tungoje. Sisi wa kamati ndio tuliosema Krismasi inakaribia, watu wametoa pesa, wanataka kusikia gitaa usiku wa mkesha. Maneno "watu wametoa pesa" ni mazito, na tuliyatumia kumsukuma kijana aliyekuwa na haki. Akachonga, akagundisha, akafunga mgongo. Krismasi gitaa likalia vizuri sana, na tukapigiwa makofi.

Februari 2024 mgongo ulikuwa bapa. Mwanzoni mwa Machi ukapasuka mahali pawili. Tao tuliloliweka lilikuwa sahihi, gundi ilikuwa sahihi, na mbavu hazikuachia hata moja. Lakini kibao kilifungwa kikiwa kimevimba. Kilipotaka kunywea kama kila mti unavyonywea hapa kwetu, mbavu hazikukiruhusu, na akiba ya mwinuko ilikuwa ndogo kuliko safari iliyokuwa mbele yake. Pasaka ya 2024 tukaimba bila gitaa. Baadhi yenu mlisema yule kijana alikula pesa za harambee. Alisikia. Aliacha kuja mazoezini kwa miezi miwili, na sisi tuliojua ukweli hatukusimama hapa mbele kuusema. Tunausema leo. Shilingi 11,400 zilinunua mbao, gundi, msasa, nyuzi na nauli, risiti zipo kwenye faili, na uamuzi wa kugundisha ndani ya mvua ulikuwa wa kamati. Ndugu yetu, tunakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote.

Alirudi mwezi wa Mei, akiwa na sharti moja: safari hii kalenda ataishika yeye. Tukakubali.

Hakutaka mbao mpya. Aliomba mabenchi mawili ya kanisa la kwanza, lile la udongo, ambayo yalikuwa yamevunjika miguu na kurundikwa nyuma ya jiko. Yalikuwa saiprasi, yamekauka hapa hapa Gotu zaidi ya miaka 20. Kutoka kwenye mbao za kukalia alipata vibao viwili vya mgongo, akaviunganisha katikati na kuviranda hadi chini kidogo ya milimita tatu. Kutoka kwenye mguu mmoja alipata mbavu. Hakuzikata kwa msumeno mwanzoni. Alipasua kwa patasi na nyundo, ili kipande kifuate mishipa yake chenyewe. Mishipa ikitoka nje ya kijiti kwa pembeni, hapo ndipo ubavu utavunjika siku moja. Kisha akahakikisha mistari ya miaka ya mti inasimama wima ubavu ukilala kwenye kibao. Vipande sita, akachagua vinne.

Kila ubavu ulikuwa na upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 16. Waliosoma hesabu watafurahia hili: ukiongeza upana mara mbili, ugumu unaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza kimo mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Kwa hiyo ubavu mzuri ni mwembamba na mrefu wa kwenda juu, kama upanga uliosimamishwa. Tumeshawapa darasa la saba swali hilo, wakapata jibu haraka kuliko walimu wao.

Tao tulilichora wote pamoja. Mgongo wa gitaa kwa kawaida hufuata duara lenye nusu kipenyo cha futi 15, yaani mita 4.6 hivi. Bikari ya urefu huo haiuzwi dukani. Tulisogeza mabenchi, tukapigilia msumari kwenye ubao karibu na mlango wa kanisa, tukafunga waya wenye urefu wa sentimita 460 na penseli mwishoni, na kuchora juu ya kipande cha plaiwudi kilicholala kuelekea altare. Waya, si kamba, maana kamba huvutika na tao linakuwa la uongo. Kisha tukahakiki kwa hesabu: urefu wa ubavu ukizidishwa kwa wenyewe, ukigawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo. Ubavu wa chini ni sentimita 38. Jibu ni milimita 4 kasoro kidogo. Ule wa juu ni sentimita 28, na jibu ni milimita 2 na ushee. Hiyo milimita 4 ndiyo tunayoizungumzia tangu asubuhi. Ukiiona kwa macho utasema hakuna kitu.

Plaiwudi ile ilikatwa, ikawa vipande viwili vyenye bonde, na juu yake tukapinda ubao mwembamba na kubandika msasa. Hapo ndipo ubavu husuguliwa. Kujua kama umeshika tao lote, unapaka chaki upande wa kugundisha, unasugua mara kumi, unatazama. Palipobaki cheupe ndipo msasa haujafika. Unapaka tena, unasugua tena. Chaki haikupungua, nadhani mnajua ilitoka wapi. Kila ubavu ulichukua karibu saa moja, na kosa la kwanza la kila mtu aliyejaribu ni kukandamiza ncha. Ukikandamiza ncha zinaliwa zaidi, tao linazidi, na ubavu utagusa katikati tu. Kipimo cha mwisho ni usiku: weka ubavu mahali pake, washa tochi nyuma yake. Ukiona mwanga, rudi kwenye msasa. Usiseme gundi itajaza. Gundi haijazi, gundi inashika vitu viwili vilivyokwisha kugusana.

Mbavu zikawa tayari mwishoni mwa Julai. Kijana wetu akavitundika vibao na mbavu kwa uzi sakristia na kukataa kuvigusa. Agosti ikapita. Wafundi wa viwandani hutunza chumba chao kwenye unyevu wa karibu asilimia 45 mwaka mzima kwa mashine. Sisi hatuna mashine, tuna kalenda. Alikuwa akipima upana wa kibao kila Jumamosi kwa rula ya chuma na kuandika kwa penseli ukutani, na namba zile hazijafutwa, mnaweza kuziona nyuma ya mlango. Wiki tatu mfululizo namba haikubadilika. Akasema, "Sasa kimemaliza kunywea. Tukifunge."

Lilibaki tatizo la kubana. Kugundisha mbavu nne kwa pamoja kunahitaji klampu ndefu nyingi, na moja tu ni bei ya mbuzi mdogo. Lakini mafundi wa nchi nyingi hutumia njia ya zamani: kazi inawekwa chini ya ubao imara, na vijiti vinavyopinda vinakazwa kati ya ubavu na ubao ulio juu. Kijiti kinataka kunyooka, na kwa kutaka kunyooka kinasukuma ubavu chini. Tulikata fito za mkole, tukazijaribu, hazikusukuma chochote. Mama mmoja jirani yetu wa Kiborana alipita akatuona, akacheka mpaka akakaa chini. Alitueleza kwamba fito za kujengea nyumba hukatwa mbichi ili zipinde na zibaki zimepinda. Mnachotaka ninyi, akasema, ni fito iliyokaa kivulini ikakauka nusu, ambayo ukiipinda inakasirika. Alituchagulia 20. Mama yuko hapa leo, ameketi upande wa kina mama, na tunamshukuru.

Meza ya sakristia ndiyo ilikuwa ubao wa juu. Kutoka sakafuni hadi chini ya meza, ukitoa unene wa kazi, ni sentimita 64, fito zikakatwa sentimita 67. Kibao kililazwa kifudifudi, upande wa nje chini, na kingo zake zikainuliwa kwa vipande vya kadibodi ili katikati kuwe na bonde la kupokea tao. Tulianza saa kumi na moja alfajiri. Mchana kwetu gundi ya mbao hukauka kabla hujamaliza kupanga fito, alfajiri unapata dakika chache za ziada. Ubavu wa kwanza, fito tano. Wa pili, fito tano. Kwenye ubavu wa tatu meza ikaanza kuinuka. Katekista, ambaye alikuja kutafuta kitabu cha masomo, akaombwa apande akae. Haikutosha. Akaitwa mama mmoja wa alto, kisha wa pili. Walikaa juu ya meza dakika 45 wakisali Rozari, na chini yao mbavu zikashika. Hatukumwambia Baba Paroko. Sasa amejua.

Gundi iliyotoka pembeni ilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, ncha ya kitambaa ikisukumwa kwa kijiti, kwa sababu gundi iliyokauka kwenye kona hutia uzito bure. Tuliziacha siku nzima. Kesho yake kijana alichonga mgongo wa kila ubavu kwa randa ndogo ukawa kama paa la nyumba, na ncha akazipunguza kwa patasi hadi milimita tatu ili ziingie kwenye pengo zake pembeni. Mgongo ukaunganishwa na mwili Septemba 2024, siku mbili kabla ya mawingu ya kwanza.

Kuna aliyetuuliza, na ni swali zuri, kwa nini tusinunue gitaa la plaiwudi tukapumzika. Plaiwudi imegundishwa tabaka juu ya tabaka, mishipa ikipishana, hainywei ovyo. Gitaa la kwanza la John Lennon, Gallotone lililotengenezwa Afrika Kusini, lilikuwa la namna hiyo, na ndani lilibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Hatuna ubishi. Kwaya inayoanza leo, tungeishauri inunue hilo. Letu tulikuwa nalo tayari, na mbuzi wanne walikwisha kuuzwa.

Tangu Septemba hiyo limepita mvua moja, kiangazi kimoja, mvua nyingine na kiangazi hiki tulicho nacho. Wakati wa mvua mgongo huvimba na kuinuka zaidi, nyuzi zikabadilika kidogo, tunazituni. Kiangazi unashuka. Februari mwaka huu tulipima: mwinuko uliobaki kwenye ubavu wa chini ulikuwa milimita 3. Haujawahi kufika bapa. Gundi haijaachia popote.

Halikai tena chini ya mabati. Linakaa ndani ya kasha, nyumbani kwa mwanakwaya mmoja mwenye nyumba ya udongo, na ndani ya kasha kuna kopo lenye vitundu na kitambaa kibichi ambacho hulowekwa kila Jumatano. Zamu ya kuloweka imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwezi huu ni sauti ya tatu, na Jumatano iliyopita mlisahau.

Baada ya Misa gitaa litakuwa mezani karibu na mlango wa sakristia, meza ile ile, na tochi iko kando. Chungulieni kwenye tundu, mtaona mbavu mbili kati ya nne, na kwenye ule wa chini mtaona alama ya penseli ya msalaba mdogo ambayo ilikuwa kwenye benchi la kanisa la kwanza. Watoto washike tochi, wasishike nyuzi, mwalimu wa kwaya amekwisha kuzituni. Mpigaji wa leo ni yule kijana mwenyewe. Tusimame kwa wimbo wa kwanza.